Kusaga Valvu Soitsambu, Kabla na Baada ya Petroli ya Risasi

Katika Soitsambu na vijiji jirani vya tarafa ya Loliondo, matengenezo ya valvu za magari ya zamani yamepitia vipindi viwili, na kilichovitenganisha ni petroli, wala si barabara wala ujuzi wa mafundi.

Valvu ni kizibo cha chuma chenye shina refu, ambacho hufunguka ili kuingiza hewa na mafuta ndani ya silinda au kutoa moshi, kisha hujifunga kwa kukalia duara lililo kwenye hedi, yaani kifuniko cha silinda, duara ambalo huitwa kiti. Katika kipindi cha kwanza, ambacho mwandishi anakikumbuka kupitia Land Rover za petroli zenye injini ya sentimita za ujazo 2,286, valvu iliyochakaa haikutupwa upesi: hedi ilishushwa, masizi yakakwanguliwa, kiti kikapakwa uji mzito wenye chembe za kusagia, na valvu ikapekechwa kati ya viganja kwa kijiti chenye kikombe cha mpira, kama Wamaasai wanavyopekecha kijiti cha moto, hadi ukatokea ukanda wa kijivu usiokatika. Yakimwagwa mafuta ya taa yasivuje, ilibaki kuseti tapeti, yaani kuacha nafasi ya milimita 0.25 kati ya shina la valvu na mkono unaolisukuma.

Usagaji huo ulitosha kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa kemikali yenye risasi, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1921 kuwa huzuia injini kugonga, na ambayo mabaki yake yalikinga kiti dhidi ya chuma cha valvu chenye joto kali. Baada ya Azimio la Dakar la 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na ziliacha kwa haki, kwani risasi hudhuru ubongo wa watoto. Hata hivyo, kiti laini kilichochongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma cha kalibu kilianza kuliwa, valvu ikazama, nafasi ya tapeti ikapungua, na valvu isiyofunga sawasawa ikaungua.

Magari ya mbio ya zamani hayakuathirika kwa namna moja. Ford Cortina GT, iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1964, ina hedi ya chuma, ilhali Datsun 240Z, iliyoshinda 1971 na 1973, ina hedi ya alumini, ambayo ni laini mno kuchongwa kiti, hivyo ilipachikwa viti vya metali ngumu tangu kiwandani.

Kwa hedi za chuma, kubadilisha valvu pekee sasa ni kupoteza fedha: hedi hupelekwa karakana yenye mashine, kwa kawaida Arusha, ambako kiti cha zamani huchimbwa na pete ya chuma kigumu kushindiliwa mahali pake. Mwenye gari la namna hiyo ambaye hajafanya hivyo asifurahie tapeti zinazonyamaza, kwani huenda nafasi imepungua. Apime nafasi zake kabla ya kuanza safari ndefu.