Salamu Kutoka Roma: Mwacheni Alale

Wengi mmeuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama tulifika salama. Tulifika. Tuliondoka Nairobi usiku, tukabadilisha ndege Addis Ababa, na asubuhi tukawa Roma, ile Rumi ya kwenye Biblia. Wakati huu wa mwaka saa za huku ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo msidhani mchungaji anawaandikia usiku wa manane.

Na kabla swali halijaanza kuulizwa chini kwa chini, nalijibu hapa: safari hii haikutoka kwenye sadaka. Imetoka kwenye SACCO, akiba ya miaka sita, yangu na ya mke wangu. Mwenye swali zaidi aniulize mimi, asimuulize jirani.

Kwa nini Italia? Mnaomjua Mama Mchungaji mnajua ni mzaliwa wa Malindi. Baba yake alikuwa mpishi katika hoteli iliyojaa Waitaliano, na kule ufuoni hata muuza madafu anajua kuhesabu pesa kwa Kiitaliano. Mzee alipika tambi maisha yake yote na hakuwahi kuikanyaga nchi yenye tambi zake. Mkewe, mama mkwe wangu, mlimfahamu. Aliishi nasi miaka minne, akili ikimtoka polepole, mpaka tulipomzika mwezi wa pili. Mwishoni alikuwa hamtambui binti yake kwa jina, lakini ukiingia chumbani asubuhi alikuambia "ciao" na kucheka.

Miaka hiyo minne mlimwona mke wangu Jumapili, amevaa kitambaa chake, anaongoza maombi ya akina mama. Hamkumwona saa tisa usiku. Mimi nilimwona. Kila usiku saa tisa alikuwa macho, kwa sababu saa hiyo ndiyo mama yake alikuwa akiamka na kuutafuta mlango.

Sasa sikia. Usiku wetu wa kwanza Roma, saa tisa za nyumbani, nilishtuka nikamkuta ameketi kitandani gizani, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza.

Nikamwuliza, "Mama Neema, unasikia nini?"

Akasema, "Hakuna."

Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Sikuwa na mahubiri ya kumpa. Nilimshika mkono tu, basi.

Siku ya pili tulikuwa na tiketi za Colosseum (si Kolosai ya waraka wa Paulo, wapendwa, hiyo ilikuwa upande wa Uturuki). Uwanja ule ulizinduliwa mwaka 80, na nilikuwa nimeungoja tangu chuo cha Biblia. Tiketi zina jina lako na saa yako. Euro 18 kila mmoja, kwa wawili ni zaidi ya elfu tano za Kenya. Saa yetu ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa mbili alikuwa amelala. Saa tatu amelala. Usingizi wa kina, mdomo wazi kidogo, usingizi ambao sikuwa nimeuona usoni pake kwa miaka minne. Nikasimama pale na tiketi kwenye simu, nikapiga hesabu zangu: elfu tano, na sijui kama nitarudi tena mji huu nikiwa hai. Ukimgusa bega ataamka, tena ataamka haraka, kwa sababu ndivyo mwili wake ulivyozoezwa. Atavaa viatu na kukufuata bila neno.

Sikumwamsha. Saa nne ikapita, tiketi nazo zikapita.

Najua kuna ndugu watasema hiyo ni hasara. Hebu soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, amelala chini ya mretemu. Malaika anakuja, na hamhubirii. Hamkemei kwa kukosa imani. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamletea chakula mara ya pili. Safari ya Horebu inakuja baadaye. Sisi Wapentekoste tunapenda kufika Horebu haraka. Mtu akichoka tunamwandikia mkesha.

Aliamka saa saba mchana. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Baba Neema, tiketi?" Nikamwambia zimekwisha muda. Akanitazama, akaona sina hasira, akasema basi tutafute chai. Chai yenyewe ni jaribu lingine. Huku watu wanakunywa kahawa ndogo kama dawa, wamesimama kaunta, kwa sababu ukiketi unaweza kulipa zaidi. Majani ya Kericho tulibeba, lakini chumbani hakuna birika. Alimwendea mama wa mapokezi na Kiitaliano chake cha Malindi, maneno kama kumi hivi, akarudi na maji ya moto na maziwa. Mzee angefurahi.

Jioni tulizunguka Colosseum kwa nje, bila kulipa kitu. Karibu yake kuna Tao la Tito, na ndani ya tao wamechongwa askari wanabeba kinara cha taa saba kutoka hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mwaka 70. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma. Yeye alivutiwa zaidi na mabomba ya maji ya barabarani: maji baridi, safi, bure, mchana na usiku. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo ili unywe. Alinirushia maji shatini. Nawaambia, sikuwa nimemwona akicheza tangu mama yake alipougua.

Siku ya tatu tukaenda Njia ya Apio. Walianza kuijenga mwaka 312 kabla ya Kristo, na mawe meusi makubwa bado yapo, na misonobari kama miavuli pembeni. Ni barabara aliyoijia Paulo akiwa mfungwa. Soma Matendo 28: ndugu wa Rumi walitoka mjini kumlaki, wengine mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60, kwa miguu. Luka anasema Paulo alipowaona alimshukuru Mungu na kupata moyo. Yeye Paulo! Aliyekuwa ameponea meli iliyovunjika.

Mke wangu alikaa kwenye jiwe akaanza kutaja majina. Mama aliyeleta uji kila Jumatano. Kijana aliyelala sebuleni kwetu ili sisi tupumzike usiku mmoja. Binti aliyemsuka bibi nywele hata alipokuwa akimtukana. Alitaja wengi, na alilia akitaja. Mnajijua.

Usiku huo saa tisa nilikuwa macho, nikingoja. Hakuamka.

Kesho tunapanda treni kwenda Napoli, na kutoka hapo Pozzuoli, ile Puteoli ambako Paulo alikaa na ndugu siku saba. Jumapili mzee wa kanisa atahubiri, muwahi ibada. Mama Mchungaji anawasalimu. Simu yake nimeizima mimi, mwenye jambo la dharura anipigie mimi.