Malazi ya Msafiri

Msomaji, uzurupo mahali pa kale, uliza pia wasafiri walilala wapi. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui, alikaribishwa na Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri wa Kikamba. Huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Bila mwenyeji, asingeuona.

Makindu, katika Makueni, lipo hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, zama za reli. Jioni moja nilifika hapo na wanafunzi wawili, mfukoni tuna nauli tu. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukala dengu na chapati, tukalala. Hatukuulizwa dini wala kabila, wala hatukudaiwa senti.

Nawe, siku mgeni atakapobisha hodi kwenu jioni, ukumbuke mlango wa Makindu.