Programu Imegoma Kuingia Kwenye Simu? Anza na Saa

Leo siandiki kuhusu mbolea. Naandika kuhusu kosa nililolifanya mimi mwenyewe hapa Buswelu, ili wewe usilirudie.

Mama mmoja aliniita kwenye shamba lake la mihogo. Majani yalikuwa yamejikunja na yana mabaka ya njano, na mvua za vuli zilikuwa karibu. Alitaka kukata pingili kwenye shamba hilo hilo apande nusu eka nyingine. Nilishuku batobato. Nikamwambia tuweke Nuru kwenye simu yake, aweze kupima mwenyewe hata nisipokuwepo.

Nuru ni programu ya PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, iliyotengenezwa pamoja na watafiti wa IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama inaona dalili za batobato, michirizi kahawia au utitiri wa kijani. Ikishaingia kwenye simu inapima bila intaneti, na ndiyo maana naipenda.

Play Store ikagoma. "Bwana shamba, labda simu yangu imezeeka," alisema. Nilikuwa na haraka. Kwenye simu yangu nilikuwa na faili kutoka kundi moja la WhatsApp, na aliyelituma alisema ni programu hiyo hiyo. Nikaruhusu simu ya mama ipokee programu kutoka vyanzo visivyojulikana, nikamrushia faili kwa Bluetooth, nikabonyeza "ruhusu" kila ilipouliza, nikaondoka.

Siku ya tatu akanipigia. Bando linaisha kabla ya saa sita mchana, matangazo yanajifungua yenyewe. Nilipoikagua simu, nikakuta ile programu ina ruhusa ya kusoma meseji. Huyu mama ni mweka hazina wa kikoba, na pesa za wenzake zinapita kwenye laini ile. Tulizima data, tukaifuta programu, tukafunga ile ruhusa ya vyanzo visivyojulikana, tukabadilisha namba ya siri. Pesa ilikuwa salama, lakini usiku ule sikulala.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: kutafuta sababu. Simu ilikuwa inaonyesha mwaka 2015. Kila usiku mama alikuwa anatoa betri ili kutunza chaji, na saa inarudi nyuma. Simu inapoingia Play Store hukagua kwanza hati ya utambulisho, ambayo ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama simu inaamini tuko 2015, hati ya leo inaonekana bado haijaanza, na simu inakataa kuunganishwa. Tulirekebisha tarehe, Nuru ikashuka. Kazi ya dakika moja.

Kwa hiyo programu ikigoma, fuata mpangilio huu:

1. Angalia tarehe na saa. Fungua Mipangilio, washa tarehe ya kujirekebisha yenyewe.

2. Angalia bando. Bando la WhatsApp peke yake halishushi programu. Pia Play Store inaweza kuwa imepangwa kushusha kwa Wi-Fi tu.

3. Angalia nafasi. Programu ikishuka inafunguka na kuhitaji nafasi zaidi ya ile ya kushushia. Jitahidi ubaki na GB 1 wazi. Anza kufuta video za makundi.

4. Ikikaa "inasubiri", tazama kama kuna programu nyingine zinazojisasisha. Zisimamishe, iliyo nyuma itapata zamu.

5. Zima simu, iwashe tena. Bado? Nenda Mipangilio, Programu, Play Store, kisha futa akiba. Picha zako hazitaguswa.

6. Ikidai nenosiri usilolijua, huenda fundi wa dukani ndiye aliyefungua akaunti hiyo. Fungua yako mwenyewe, andika nenosiri kwenye daftari la nyumbani.

7. Ikisema haikubaliani na simu yako, huenda Android yako ni ya zamani. Hapo usilazimishe. Azima simu ya jirani au niite.

Usichukue njia ya mkato niliyoichukua mimi. Faili la kurushiwa linaweza kubeba jina zuri na tumbo baya. Na programu ya kupima majani inahitaji kamera. Ikiomba kusoma meseji zako, jiulize inatafuta nini huko.

Yule mama alipiga picha majani kadhaa ya mashina mbalimbali, na Nuru ikasema batobato. Hakukata pingili pale. Angezikata, angehamishia ugonjwa kwenye nusu eka mpya kwa mikono yake. Tulitafuta pingili safi, akapanda akiwa amechelewa kidogo.

Neno la mwisho: Nuru inaona jani tu. Michirizi kahawia inaweza kujificha kwenye muhogo wenyewe huku majani yakionekana mazuri. Kabla ya kuchukua mbegu, ng'oa mashina mawili matatu, pasua mihogo, tazama kwa macho yako.

Leo jioni kabla hujalala, angalia simu yako inasema ni mwaka gani. Tukutane shambani.