Mwalimu Asiye na Kasma

Mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na serikali haupiti mezani kwangu. Unatoka Hazina, unaingia benki kwake, na mimi mhasibu wa chuo naona jina lake tu kwenye orodha ya mwezi ili nithibitishe kwamba bado yupo kazini. Kinachopita kwangu ni mifuko miwili mingine. Kuna OC, yaani fedha za matumizi mengineyo, na kuna mapato ya ndani, ambayo kwa chuo kama chetu ni ada, mavuno ya shamba, kazi za karakana na ukumbi tunaokodisha kwa harusi. Katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ukitaka kujua nani analala usingizi na nani anabahatisha, uliza analipwa kutoka mfuko upi.

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na Wasweden wenyewe wakavisaidia kwa miaka mingi. Mtu mzima aliyekosa shule aje ajifunze useremala, kilimo, ushonaji, uraia, kisha arudi kwao akiwa na kitu mkononi. Vimehamishwa kutoka Wizara ya Elimu kwenda Maendeleo ya Jamii, vikarudishwa Elimu, na leo vya serikali ni 54. Katika chuo chetu, wengi waliokuwa wakizijua mashine za karakana wameshastaafu.

Nafasi ya mstaafu haijazwi kwa kubandika tangazo getini. Tunaiandika kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, wakati wa kuandaa bajeti, ikama inapanda wizarani, inakwenda Utumishi, na kibali kikitoka ndipo Sekretarieti ya Ajira inaita watu kwenye usaili. Sitausema vibaya utaratibu huu. Umepunguza ajira za shemeji na mpwa. Mwaka 2016 ajira zilisimamishwa ili watumishi hewa wahakikiwe, na mwaka 2017 watumishi karibu 10,000 wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi. Mimi ni mhasibu, siwezi kulia kwa ajili ya mshahara hewa. Ila muhula ukifunguliwa wanachuo wa umeme wameshafika na magodoro yao, na kibali bado kinatembea.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kujitolea.

Wetu wa umeme wa majumbani ni kijana aliyesoma hapahapa. Mikono yake ni mizuri kuliko ya wengi wenye barua za ajira. Amepigilia mbao nne za plaiwudi ukutani, kila moja ina swichi, soketi na kishikio cha taa, na hapo ndipo wanachuo wanafanyia mazoezi. Waya uleule unafungwa, unafunguliwa, unakatwa ncha iliyochakaa, unafungwa tena, hadi unabaki kipande kisichofika kutoka swichi hadi kwenye taa. Kikifikia hapo anakuja ofisini.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Waya umeisha?”

“Waya umeisha, na mimi mwenyewe nimeisha. Mwezi huu vipi?”

Namwambia asubiri ada za muhula ziingie. Anacheka, kwa sababu anajua, kisha ananiomba walau hela ya kununua luku ya nyumbani kwake. Mwalimu wa umeme anaomba hela ya umeme. Tumelicheka hilo mara nyingi mno, sasa halichekeshi.

Tatizo lake kwenye vitabu vyangu ni kwamba hana kasma ya kwake. Mfumo wa malipo wa serikali hauruhusu hela kutoka bila kifungu, na ni sawa usiruhusu. Kwa hiyo analipwa kama posho, kutoka mapato ya ndani, na mfuko huohuo ndio unaojazia unga, maharage na kuni za wanachuo wa bweni pale OC inapopungua. Chakula hakiahirishwi. Ukikosa maharage leo, jioni mkuu wa chuo ana wanachuo mlangoni. Ukikosa posho ya fundi, fundi atakuja kesho asubuhi kama kawaida, avae koti lake, aingie darasani. Kwa hiyo bei ya maharage ikipanda sokoni, anayepunguziwa ni mwalimu. Uamuzi huo haumo kwenye muhtasari wa kikao chochote, lakini vocha zangu zinausema.

Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Chuo hakikugharamika kitu, maana nyongeza inatoka Hazina. Siku nyongeza ilipoingia, ofisi ya walimu ilikuwa na furaha halali kabisa. Fundi wetu alikuwa amekaa nao, anakunywa chai ileile, anapongeza.

Wengi hudhani mtu akishaitwa wa kujitolea, sheria haimwoni. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu ya mwisho, anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Chukua ratiba ya umeme uhesabu vipindi. Saa 45 anazimaliza kabla mwezi haujafika nusu.

Kwenye kikao kimoja nililitaja hili, nikitegemea tutajadili mkataba. Mmoja wetu akatoa hoja kwamba basi tutafute mtu wa pili, ratiba igawanywe, asiwepo hata mmoja anayefika saa 45. Nilishangaa jinsi ilivyokuja upesi, na jinsi vichwa vilivyotikisika kukubali. Nikauliza tu: posho ya mmoja inatushinda, ya wawili tutaitoa wapi? Hoja ikafa kwa sababu ya hela. Ingekuwa vizuri zaidi kama ingekufa kwa sababu ya aibu.

Si walimu peke yao. Programu ya Elimu Haina Mwisho imewaleta vyuoni wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba, na kwetu wengine wanakuja na watoto mgongoni. Ni kazi nzuri kuliko nyingi tunazozifanya. Lakini mtoto wa mwaka mmoja anahitaji mtu wa kumtazama mama yake akiwa kwenye cherehani, na kwenye ikama yetu hakuna mstari wa mlezi wa watoto. Naye anaishi kwenye mfuko wa maharage. Jikoni nako, wapishi wa darasa la saba walihangaika na suala la cheti cha kidato cha nne hadi mwaka 2018, serikali ilipoelekeza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Aliyekuja baada ya tarehe hiyo, hata kama ugali wake ndio unaoliwa ukaisha, huyo ni kibarua.

Ninachokitaka si kikubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, pamoja na mkataba wa kudumu na ule wa muda maalumu, inatambua pia mkataba wa kazi mahususi. Muhula mmoja wa kufundisha umeme ni kazi mahususi. Tuweke kiwango kwa kipindi, tuandikishane, tupeleke mchango wake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20, angalau nusu yake itoke kwetu, na mstari huo ukae juu ya chakula kwenye bajeti ya mapato ya ndani. Nimepiga hesabu. Haitoshi kwa fani zote tunazofundisha. Itabidi mbili au tatu zifungwe kwa muda. Mkuu wangu hataki kusikia, na ninamwelewa, kwa sababu mgeni wa wizarani huuliza kwanza idadi ya wanachuo. Hajawahi kuuliza nani anawafundisha. Mimi naona afadhali fani chache zenye walimu wanaolipwa.

Kwenye makisio ya mwaka huu niliuandika mstari wenyewe. Kikao kiliukata nusu, kikauachia jina. Wiki iliyofuata fundi akaitwa kwenye usaili mkoa mwingine, akaja kuomba barua ya kuthibitisha uzoefu wake. Niliiandaa mwenyewe, ikieleza kwamba amefundisha umeme wa majumbani katika chuo chetu. Mkuu akaisoma, akaongeza kwa kalamu maneno “kwa kujitolea”, akanirudishia nikaichape upya ndipo asaini. Kwa muhula ujao tumeshaanza kuulizia mwingine.