Nywele za Mjukuu Wangu



Ndugu wasomaji, kwa miaka mingi nimewasomesha vijana mlango wa twahara katika vitabu vya fiqhi, na ndani yake mna masuala mengi ya nywele: kufikisha maji kwenye ngozi ya kichwa, kufumua mashungi au kutoyafumua, kunyoa na kupunguza. Nilidhani somo hili nimelimaliza. Mwezi uliopita nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya saluni huko Kamakis, nikasomeshwa upya na mwanamke ambaye hajapata kukanyaga chuoni kwetu. Nawaandikia niliyojifunza, pamoja na kosa lililonipeleka huko, kwa kuwa naamini kosa hilo si langu peke yangu.

Ilikuwa siku ya Idd, nyumbani Mombasa. Baraza ilijaa wageni, na mjukuu wangu wa miaka tisa, aliyekuja na mamake kutoka bara, alipita na sinia la visheti. Mgeni mmoja akamsifu kwa macho yake mazuri na adabu yake. Nami kwa kutaka kuchekesha nikaongeza: "Uzuri wote kachukua kwa bibi yake, ila nywele ndizo zilizopotea njia. Hizo kipilipili ni za kwangu." Watu wakacheka. Mtoto naye akacheka. Mimi nikalisahau neno lile kabla ya kahawa kupoa.

Yeye hakulisahau. Wiki mbili baadaye binti yangu alinipigia simu kutoka Kamakis. Mtoto alikuwa amejifungia msalani na mkasi, akazikata nywele za juu ya paji la uso karibu na ngozi. Alipoulizwa, alijibu kwamba anataka zile mbaya zitoke ili ziote nzuri. "Baba," binti yangu aliniambia, "sikulaumu. Lakini maneno haya ametoka nayo kwetu. Nakuomba uje." Tangu aolewe hajapata kuniomba nije. Nikakata tikiti ya treni.

Kwa wasiopajua, Kamakis ni upande wa Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kwenye barabara ya Eastern Bypass kabla haijakutana na barabara kuu ya Thika. Treni ilinishusha Syokimau, mkwe wangu akanipokea kwa gari, tukapita Utawala hadi tukafika. Mahali hapa panasifika Nairobi nzima kwa nyama choma, na moshi wa mbuzi humpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Baina ya wachoma nyama kuna maduka, majumba marefu ya kupangisha, vinyozi na saluni. Mjukuu wangu alinibusu mkono kama ada yetu. Lakini alikuwa amejifunga ushungi ndani ya nyumba, mbele ya babu yake, na hakuuvua hata wakati wa kulala.

Binti yangu alikuwa amempata msusi anayeshughulika na nywele za asili tu, asiyetia dawa wala kupiga pasi. Kwa kunistahi alipanga twende saa moja asubuhi, kabla wateja wengine hawajafika, nami nikakaa karibu na mlango uliokuwa wazi. Msusi alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliufungua ule ushungi polepole, akamtazama mtoto kwenye kioo, kisha akanigeukia. "Mzee, hii nywele si ngumu," alisema. "Imekauka tu. Iko na kiu."

Nilimwomba anieleze, naye akaeleza kama mwalimu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka bila taabu hadi ncha. Unywele uliojisokota huyakwamisha njiani, na kadiri mizunguko inavyokuwa midogo ndivyo ncha zinavyokosa. Tena kila palipo na kona pana udhaifu, na hapo ndipo unywele hukatika ukichanwa kwa nguvu. Basi mtoto huchanwa mkavu, akalia, nasi tukasema nywele zake ni ngumu.

Nilitarajia aanze kwa kuzilowesha. Hakuzilowesha. Alinionyesha sababu: alilichukua fungu moja, akalinyunyizia maji, likanyooka hadi begani, lilipoanza kukauka likarudi juu hadi sikioni. Anayekata nywele hizi zikiwa mbichi hukata asichokiona, na zikikauka mtu huinuka kitini na umbo ambalo hakuliomba. Kwa hivyo yeye hukata zikiwa kavu na zimelala kama zilalavyo kila siku, fungu kwa fungu, akiondoa ncha zilizopasuka tu. Kazi ile ilichukua zaidi ya saa moja, na bei yake ilizidi mara kumi ninayomlipa kinyozi wangu. Mwanzoni nilinung'unika moyoni. Baadaye sikunung'unika.

Palipokatwa kwa mkasi ndipo palikuwa na mtihani. Binti yangu aliuliza kama haiwezekani kuunganisha nywele za bandia mbele, mpaka zake ziote. Nikakumbuka Hadithi sahihi ya yule mama aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya binti yake aliyeugua nywele zikapukutika, akaomba ruhusa ya kumuunganishia, asikubaliwe. Najua wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu nyuzi za sufu na hariri zisizofanana na nywele. Lakini kabla sijafungua kinywa, msusi mwenyewe alikataa kwa sababu yake. Nywele fupi zikivutwa na msuko mzito hung'oka shinani. Wako wanawake wengi, alisema, ambao mapaji yao yamerudi nyuma kwa miaka ya misuko ya kubana, na ngozi ikishafanya kovu hazioti tena. Pale hukumu na ufundi vilikutana bila kujuana. Akazipunguza za pembeni na za juu zikafuatana na za mbele, kichwa kikawa na mviringo mzuri, hata asiyejua angedhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Wakati ule ndipo binti yangu aliponiambia jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka ishirini. "Baba, unaikumbuka harusi ya mamangu mdogo?" Alikuwa na miaka kumi na minne, akataka kutiwa dawa ya kunyoosha nywele ili afanane na binamu zake. Fedha nilitoa mimi. Dawa zile nyingi zina magadi makali ya jamii ya kostiki soda, hiyo hiyo itumikayo kutengenezea sabuni, na ikikaa zaidi ya muda wake huunguza. Alirudi nyumbani na kidonda kisogoni. "Nilikuonyesha kidonda," alisema, "nawe ukaniambia: sasa umependeza."

Sikuwa na la kujibu. Nilikumbuka kwamba ni kweli.

Ndugu zangu, haya hatukuyapokea kwenye dini. Tumeyapokea kwenye ulimi. Lugha yetu tamu ina neno singa kwa nywele zilizolala, na neno kipilipili kwa zilizojisokota, na kila mtoto wa pwani hujua lipi sifa na lipi dhihaka kabla hajajua kuhesabu. Nyuma ya maneno hayo kuna habari ndefu ya nani aliitwa muungwana na nani aliitwa mtumwa, nani posa yake ilikubaliwa na nani alirudishwa mlangoni. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kipimo cha nywele hakikupigwa marufuku. Tumekificha ndani ya mizaha ya Idd.

Ukutani mwa saluni palikuwa na jedwali la aina nne za nywele, kuanzia zilizonyooka hadi zenye mizunguko midogo kabisa. Mpangilio huo ulienezwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey kule Marekani. Nywele za mjukuu wangu ni za aina ya nne. Nikajisemea kwamba namba angalau haitukani, kisha nikaona kwamba hata humo singa imepewa namba moja.

Usiku ule nilirejea vitabuni. Katika riwaya ya Ibn Abbas iliyomo ndani ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) anamsifu Nabii Musa, aliyemwona usiku wa Israa, kuwa ni mtu mrefu, mwenye rangi ya kunde, na anatumia neno ja'd. Wako wanavyuoni waliolifasiri neno hilo kwa umbo la mwili lililokazana, na wako waliolichukua kwa maana yake ya wazi, yaani mwenye nywele za kujisokota. Riwaya hiyo nimeisoma mara zisizo na idadi, na kila mara nilipita hapo bila kusimama. Na iko ile Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba mwenye nywele azikirimu. Haikubagua nywele za namna gani. Kukirimu ni kutendea wema, kama mgeni anavyokirimiwa. Na mgeni hakirimiwi kwa kubadilishwa sura.

Asubuhi nilimwita mjukuu wangu. Nilimwambia: "Mwanangu, babu alisema neno baya siku ya Idd, na watu wakacheka. Neno lile halikuwa kweli. Naomba unisamehe." Akaniuliza: "Kwa hiyo si mbaya?" Nikamsimulia habari ya Nabii Musa. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama Nabii Musa naye alikuwa akilia akichanwa. Nikamjibu: Wallahu a'lam.

Msusi alituachia maagizo, nami nayaweka hapa kwa wenye mabinti na wajukuu. Usichane nywele hizi zikiwa kavu. Zioshe kwa sabuni isiyo kali, utie dawa ya kulainisha, uzifumue kwanza kwa vidole, halafu kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kuelekea shinani. Zikiwa bado zina unyevu tia mafuta, maana kazi ya mafuta ni kuyazuia maji yasitoke haraka. Zikaushe kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kuzibonyeza bila kuzisugua. Usiku mtoto alale na kilemba cha hariri au satini, kwa sababu pamba ya mto hunyonya mafuta na kuzikwaruza nywele. Na hariri, kama mjuavyo, wanawake wameruhusiwa. Usisuke mpaka mtoto akunje uso. Ncha zipunguzwe kila baada ya miezi mitatu au minne.

Nilipouliza ni mafuta gani, msusi alitaja kwanza ya nazi. Nilicheka peke yangu. Marehemu mama yangu alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha taratibu hadi mafuta yakaelea, akatia asumini, akawapaka dada zangu kabla ya kuwasuka twende kilioni. Kichwa alikiosha kwa majani ya mkunazi. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakaona kuwa ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini katika nywele. Mama yangu hakuwa na maabara, lakini alikuwa nayo elimu hiyo. Sisi ndio tulioiweka kando tukanunua kopo.

Na kuhusu kopo, sikuja kutoa fatwa hapa. Nitasema tu kwamba mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Wale waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kilichozidi maradufu cha wasiotumia. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo sababu. Lakini kuondoa madhara ni nguzo katika fiqhi yetu, na mzazi atafakari kabla hajamtolea mtoto fedha, kama mimi nilivyotoa.

Siku ya kuondoka nilimfumua na kumpaka mafuta mwenyewe. Mkono wangu ni mzito, na mara mbili alisema, "Babu, anzia chini." Binti yangu alisimama mlangoni akitutazama. Nilimwomba radhi yeye pia, kwa kile kidonda. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Yamekwisha, Baba," akaenda jikoni. Sijui kama yamekwisha. Najua kwamba aliporudi alikuwa na chanuo la pili, akakaa upande wa kushoto wa mtoto, tukamaliza pamoja kabla ya safari.

Idd nyingine inakuja, baraza zitajaa, na watoto watapita na masinia. Nakuombeni tuwatazame kabla ya kunena. Mwenyezi Mungu atusamehe kwa yale tuliyoyasema tukidhani ni mzaha, na awape watoto wetu kuridhika na umbo alilowapa. Amin.