Kituo Kimoja Kibaki

Vijana wa ofisi za uwakala wa forodha hapa Tunduma, mpakani na Zambia, wana swali wanalopenda kuniuliza siku hizi: huyu msaidizi wa akili mnemba, nimpakue akae ndani ya kompyuta, au niendelee kumfungua kwenye kivinjari kama tovuti nyingine yoyote? Wanataka jibu la neno moja ili waendelee na kazi, na malori yanawasubiri. Mimi swali hilo limenikaa kichwani, kwa sababu naona limebeba jingine zito zaidi. Kitu kinachoturahisishia kazi kikae karibu nasi kiasi gani?

Upande wa mashine hauna ubishi mkubwa. Kompyuta nyingi za mjini kwetu ni za mtumba. Ukifungua mfumo wa forodha, barua pepe na jedwali la hesabu kwa wakati mmoja, feni inaanza kuunguruma na kishale kinagoma kusogea. Programu iliyopakuliwa inachukua nafasi na kumbukumbu ya mashine, nyingine zinaamka zenyewe kila unapowasha kompyuta, na zikijisasisha zinameza bando ulilonunua kwa ajili ya kutuma nyaraka za mteja. Mwenye mashine dhaifu na kifurushi cha siku asijitese. Afungue kivinjari, aandike swali lake, amalize, afunge. Majibu ni yale yale.

Hapo kwenye majibu kuwa yale yale nataka nikae kidogo, maana wengi wanaamini kwamba programu ikishakuwa ndani ya kompyuta yako basi na maneno unayoiandikia yanabaki humo. Hayabaki. ChatGPT iliyotolewa tarehe 30 Novemba 2022, na Claude ambayo programu yake ya kompyuta ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2024, zote kwa kawaida zinafanyia kazi maswali yetu kwenye mitambo ya kampuni zao huko ng'ambo. Unachopakua ni sehemu ya kuandikia na kusomea. Ndiyo maana intaneti ikikatika, wa programu na wa kivinjari wanakaa kimya pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kesho yake, tarehe 13, kampuni ya OpenAI ikatangaza programu ya ChatGPT kwa kompyuta za Mac. Dunia inasherehekea njia mpya ya kumfikia msaidizi, na huku kwetu ukurasa wa barua pepe unazunguka tu bila kufunguka. Zipo akili mnemba ndogo unazoweza kuzipakua zikafanya kazi bila intaneti kabisa, lakini zinadai kompyuta zenye nguvu, ambazo ofisi zetu nyingi hazina.

Kinachonigusa zaidi ni steshenari. Kuanzia Vwawa hadi Mlowo na huku mpakani, kijana asiye na kompyuta anakwenda steshenari kuomba mkopo wa chuo, kuomba kazi kwenye Ajira Portal, kuandika barua na kuichapisha. Mashine moja inakaliwa na watu wengi kwa siku. Hapo programu ya ndani haifai hata kidogo, kwa sababu imetengenezwa ikidhani kompyuta ina mwenyewe mmoja: ukishaingia inakukumbuka, na anayekaa baada yako anakuta mazungumzo yako yamejipanga pembeni. Nimeona kwa macho yangu kwenye mashine ya watu wote historia ya maswali ya mtu nisiyemjua. Kulikuwa na barua ya maombi ya kazi, kulikuwa na ugonjwa, kulikuwa na ugomvi wa shamba la kahawa. Sikuendelea kusoma. Nilimwomba mwenye duka aingie kwenye mipangilio aitoe akaunti ile, akaitoa. Kwenye mashine ya namna hiyo ni kivinjari, tena lile dirisha la faragha lisilohifadhi historia, na kutoka kwenye akaunti kabla hujainuka kwenye kiti. Naomba wenye steshenari wawafundishe wateja wao jambo hili, hasa wale wadogo zetu wa kidato cha sita ambao hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ofisini kwetu hali ni nyingine. Kompyuta ninayotumia ni yangu peke yangu, na programu ya ndani ina faida ambazo sitazibeza. Baadhi zinaweza kupewa ruhusa ya kusoma folda nzima, zikakulinganishia ankara na orodha ya mizigo, zikakuonyesha wapi uzito haukubaliani. Kwa kazi ndefu ya namna hiyo, kuburuta faili moja moja kwenye kivinjari ni kujichosha. Lakini folda ya wakala wa forodha si mali yake. Ina TIN ya mteja, nakala ya pasipoti ya dereva, namba za simu, bei ambayo mfanyabiashara asingependa mshindani wake aijue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti hata kuhusu kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ukimfungulia msaidizi folda nzima kwa bonyezo moja, umetoa ruhusa kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Kwenye kivinjari ninalazimika kuchagua faili, na nikiwa nachagua ninaitazama, nafuta jina, nafuta namba, ndipo naipandisha. Ule usumbufu unafanya kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na akili yangu hata kama usumbufu usingekuwepo.

Hili la usumbufu wenye faida nimejifunza kwa kuishi mpakani. Kabla ya Oktoba 2019, lori la kwenda Lusaka au Kongo lilikamilisha taratibu zote Tunduma, likasogea mita chache, likaanza upya Nakonde, upande wa Zambia. Mabosi walilalamika, madereva walilala njiani, matunda yalioza. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wakazindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Anayetoka Tanzania anamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na anayetoka Zambia anamalizia kwetu. Foleni haijaisha, anayeingia mjini kwa barabara ya Mpemba anaijua vizuri, ila kule kusimama mara mbili kwa jambo lile lile kuliondolewa. Pamoja na malalamiko yote ya miaka ile, sikusikia mtu mwenye akili timamu akisema vituo vyote viwili vivunjwe, lori lipite tu. Kila mmoja alijua kwamba mahali fulani lazima mtu asimame, turubai lifunuliwe, karatasi zisomwe.

Programu ya ndani inajaribu kuondoa vituo vyote. Ile ya ChatGPT, kwa mfano, unabonyeza vitufe viwili na kisanduku cha swali kinajitokeza juu ya chochote unachofanya. Urahisi huo ni mtamu, na nakiri unaokoa muda. Lakini nimewatazama wenzangu wanaoutumia kutwa. Mkono unakwenda kwenye vitufe kabla swali halijakaa sawa kichwani. Barua ya mistari mitatu kwa mteja wa miaka mingi, mtu tunayeamkiana na kuulizana habari za watoto, inaombwa kwa mashine.

Juzi kijana mmoja wa ofisini aliagiza barua kwa njia hiyo, ya kumwalika mwenzetu wa Nakonde kwenye kikao cha saa nne asubuhi. Barua ilikuja imenyooka, heshima imo, saa imeandikwa 10:00. Kabla hajaituma akanigeuzia kioo.

"Dada, iko sawa?"

"Iko sawa, mdogo wangu. Ila huyu anakaa Zambia. Saa 10:00 yake ni saa ngapi yetu?"

Akatazama saa ya ukutani, akacheka, akajipiga kichwani. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mgeni angefika kwa saa yake, hapa ikiwa saa tano, kikao kimekwisha. Kila mtoto wa Tunduma anajua tofauti hiyo. Hata simu zetu zikidaka mtandao wa upande wa pili zinaweza kurudi nyuma saa nzima. Kijana yule anaijua kuliko mimi, kazaliwa hapa. Alichokosa ni ile nafasi ndogo kati ya kuwaza na kuagiza, ambayo ndani yake ujuzi wake mwenyewe ungejitokeza. Mashine haikuambiwa kwamba barua inavuka mpaka, na haikuuliza.

Kwa hiyo yeyote anayeniuliza siku hizi namjibu kwa kumuuliza kwanza: mashine ni ya nani, na karatasi ni za nani? Akishajibu hayo mawili, lililobaki ni lake.

Ofisi yetu inatarajia kompyuta mpya, na tumeshakubaliana namna ya kuipanga. Programu itapakuliwa. Itapewa folda moja tu ya rasimu, isiyo na majina ya wateja. Nyaraka za forodha zitabaki nje ya ruhusa yake, na ikihitajika msaada kwa mojawapo, hiyo itapandishwa kwa kivinjari baada ya mtu kuisoma na kufuta yanayopaswa kufutwa. Vile vitufe viwili tutavizima. Kijana wetu ameomba viachwe kwa wiki chache za mwanzo ili ajaribu, nami nimemkatalia, na ameniambia bado ataniletea hoja.