Kavumu: gari lilikuwa linakohoa, buji nne zikabadilishwa nyumbani

KAVUMU – Kwa muda wa wiki tatu, majirani wa kando ya barabara ya taifa namba 2 walijua kwamba Papa mwenye Hilux anarudi kutoka Bukavu hata kabla ya kuona taa zake. Moteri ilikuwa inakohoa. Ilikuwa inaruka pigo, na kila ilipopanda mlima ilitoa moshi mweusi. Watoto wa kartie walikuwa wakiigiza mlio ule na kucheka.

Kwa mwenye gari haikuwa kichekesho. Hilux ile ya zamani, yenye karbureta, ndiyo inayolisha nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni yake. Ya pili ni vyumba viwili vya nyuma, anamoishi mama mmoja wa Minova na watoto wake wanne tangu Januari 2025, mwezi ambao vita vilifika Minova. Walikuja kwa wiki moja. Kisha tarehe 14 Februari vita vikafika hapa hapa kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye Bukavu. Tangu hapo nyumba zile mbili zinakula kwa gari moja: linapeleka kabichi na mihogo Kadutu, linarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya mawese.

Safari ya mwisho gari lilizima mara mbili baada ya Mudaka. Mara ya pili jua lilikuwa linazama. Hakuna mtu anayependa kusimama pale na mizigo saa hizo. Yule mama alikuwa amekaa juu ya magunia, mtoto mdogo mgongoni. Walisukuma gari, wakaomba Mungu, likawaka.

Walipofika nyumbani, mama hakulalamika. Alisema jambo moja tu: “Papa, Jumamosi ni safari ya Minova. Gari likizima hivi upande wa Nyabibwe, nitalala wapi na hawa watoto?”

Alitaka kwenda kuona kama nyumba yake bado imesimama, na kupanda maharage kabla mvua za Septemba hazijashika. Anayekosa msimu huo anakosa chakula cha miezi mingi. Mwenye gari alinyamaza kidogo, kisha akajibu: “Mama, nipe siku mbili.”

Shida ni kwamba fundi wake hayuko. Alivuka kwenda Burundi Februari ile, na hajarudi. Garaje nyingine iliomba pesa za kazi kuliko bei ya buji zenyewe, na wakati ule, benki zikiwa zimefungwa, noti iliyo mfukoni ndiyo ilikuwa benki. Kwa hiyo alinunua uniti za simu, akampigia fundi huko aliko.

“Mukubwa,” fundi alimwambia, “usinunue kitu bado. Fungua kwanza buji, uzisome.”

Buji, ile ambayo majirani wa Tanzania na Kenya wanaita plagi, ni kijiti cha chuma na kauri kinachotupa cheche ndani ya moteri ya esanse ili mafuta yawake. Magari mengi ya mizigo barabarani hapa ni ya mazutu, na moteri ya mazutu haihitaji cheche: mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mwenye gari la mazutu linalokohoa asitafute dawa kwenye buji za namna hii. Lakini Hilux ile ni ya esanse, silinda nne, buji nne.

Ijumaa asubuhi, kabla gari halijawashwa, mwenye gari alifungua kapo. Kando yake alisimama kijana wa yule mama, miaka 16, ambaye ameshinda miezi mingi kwa vijana wa pikipiki. Fundi alikuwa amesisitiza moteri iwe baridi. Kichwa cha moteri ile ni cha aluminiamu. Ukikilazimisha kikiwa moto, nyuzi za tundu zinaweza kutoka pamoja na buji, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kuwa kazi ya wiki.

Walitoa kwanza waya wa betri. Kisha kijana akaleta pampu ya baiskeli, akapuliza vumbi lote lililokaa kuzunguka buji. Vumbi la kiangazi cha Kavumu si dogo, na likianguka ndani ya silinda linakwaruza kama msasa.

Nyaya nne hawakuzitoa pamoja. Kila silinda ina zamu yake ya kupata cheche. Katika moteri ile zamu ni 1, 3, 4, 2. Anayetoa nyaya zote kisha akasahau ipi ni ya wapi, gari lake litakohoa kuliko mwanzo, au halitawaka kabisa. Kwa hiyo walitoa waya mmoja, kwa kushika kichwa chake na si kwa kuvuta uzi, wakafungua buji moja kwa ufunguo mrefu wa 21 ulioazimwa, wakaiweka juu ya ubao kwenye alama ya chaki. Halafu wakaenda kwa inayofuata.

Buji ya pili ilikataa. Kijana alitaka kuongeza nguvu. Mzee akamshika mkono: “Polepole, kijana wangu. Chuma hakigombezwi.” Walidondoshea mafuta kidogo, wakangoja, wakaikaza nywele moja kisha wakailegeza, mbele na nyuma, mpaka ikatoka bila kelele.

Ubaoni buji nne zilisema mambo yake. Ncha ya buji nzima ina rangi ya kahawia nyepesi. Nyeupe sana ni dalili ya joto kupita kiasi au mafuta machache. Nyeusi na kavu kama masizi ya chungu ni dalili ya esanse nyingi na hewa kidogo. Nyeusi na yenye majimaji ya kuteleza ni mafuta ya moteri yanayopenya ndani ya silinda.

Tatu zilikuwa na masizi makavu. Fundi, alipopigiwa, hakushangaa. Kavumu iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na karbureta iliyopimiwa nchi za chini inamwaga esanse nyingi kuliko hewa iliyopo. Ongeza chujio la hewa lililojaa vumbi, moteri inakula bila kupumua. Ongeza esanse ya chupa za kadhafi, ambayo pengine imechanganywa na mafuta ya taa, na masizi yanazidi.

Ya nne, ile ya silinda namba 3, ilikuwa imelowa mafuta.

Sokoni mwenye gari alionyeshwa buji zilizofutwa na kung'arishwa zikauzwa kama mpya. Alijifunza kuzitambua: alitazama pete ndogo ya kubana, ambayo kwenye buji mpya bado ni nene na haijalala, na alitazama kama nyuzi zina alama za kufungwa. Alilinganisha pia urefu wa nyuzi na ile ya zamani. Iliyo ndefu zaidi inaweza kugongwa na pistoni. Ya pikipiki, hata ikiwa ya bei nafuu, si ya Hilux. Pesa zilitosha nne, zikabaki za maharage ya mbegu.

Kabla ya kuzifunga walipima nafasi ya pale cheche inaporuka. Moteri ile inataka milimita 0.8. Vibati vya kupimia hawakuwa navyo. Fundi aliwaambia watumie ubapa wa msumeno wa chuma, ambao una unene wa karibu milimita 0.65: upite ukiwa na nafasi kidogo tu, usibane. Kipimo cha maskini, lakini ni bora kuliko macho.

Kazi ya kufunga ilimwangukia kijana, kwa sababu vidole vyake ni vyembamba. Alichomeka kichwa cha buji ndani ya kipande cha mpira wa esanse, akaiteremsha tunduni na kuizungusha kwa vidole viwili. Nyuzi zikiingia upande, mpira unateleza na hakuna kitu kinachoharibika. Mtu anayeanza na ufunguo hasikii kosa mpaka tundu limekwisha. Buji ilipogusa chini, ndipo akachukua ufunguo na kuikaza nusu mzunguko na kidogo, basi. Alitaka kuongeza. Mzee akatikisa kichwa.

Chujio la hewa walilikung'uta na kulipuliza kutoka ndani kwenda nje. Waya wa betri ukarudi. Kijana akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Moteri iliguna mara moja, ikashika, ikatulia. Wanawake waliokuwa wanachambua sombe nyuma ya nyumba waliinua vichwa. Mama wa Minova alitoka mlangoni, akasikiliza muda mrefu, akarudi ndani kufunga mizigo.

Lakini mwenye gari hakumdanganya. Jioni ile alimwita, akamwonyesha ile buji yenye mafuta. “Mama, tatu zimepona. Hii ya namba 3 italowa tena, kwa sababu ugonjwa wake uko chini, kwenye pete za pistoni. Hiyo ni pesa kubwa, bado sina. Ila safari hii ya kesho itafika. Nimebeba ile ya zamani iliyo nzuri, na mtoto wako anajua kuibadilisha.”

Mama aliishika ile buji, akaigeuza, akampa mwanawe. “Basi weka mfukoni mwako,” alisema, “si kwenye mizigo.”

Jumamosi waliondoka alfajiri, wakapita Katana, wakapita Kalehe. Kabla ya kupanda milima ya Nyabibwe kijana aliomba wasimame, moteri ipumue. Walifungua kapo, wakangoja, wakaendelea. Saa sita mchana simu ililia Kavumu. Mke wa mwenye gari aliipokea mbele ya majirani.

Nyumba ya Minova haina mabati tena, kuta zipo. Shamba lipo. Gari halikuzima.